Kadi Yako, Namba Yangu

Mwanangu Asimwe,

Nakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu simu zangu hupokei, na kosa langu nalo nililifanya mbele za watu.

Unakumbuka siku ile tulipotoka Rugu asubuhi na mapema kwenda benki Kayanga, wiki moja kabla hujaenda chuo Mwanza? Ulivaa shati lako la kipaimara, lilikuwa limeshakubana mabegani. Yule dada wa benki alituwekea kadi mbili mezani, moja ya akiba ya mwanafunzi, nyingine ya kukopa. Wewe ukaishika ya kukopa kwa sababu ilikuwa inang'aa. Nikamwambia, "Binti yangu, huyu hata ndevu hajaanza kunyoa, unampa deni la kutembea nalo mfukoni?" Mkacheka wote wawili. Ukachukua ya akiba bila kununa, nami nikajiona mama mwerevu kuliko wote wilayani.

Laiti ningeishia hapo. Dada alipouliza ujumbe wa benki uende kwenye namba ipi, nikawahi kutaja yangu.

Ukaniuliza kwa heshima ya kwetu, "Mama waitu, kadi ni yangu au ni yako?"

"Kadi ni yako. Namba ni yangu."

Foleni nzima iliangua kicheko. Wewe ulitazama sakafu.

Tangu hapo, kila ulipotoa hela au kulipa dukani, simu yangu ililia shambani, nami nikaacha kuchuma kahawa nikupigie. Za nini hizo? Mbona na jana ulitoa? Ulinijibu kwa upole miezi mingi, hadi siku uliposema, "Mama, nikila huku, wewe unatafuna huko." Nilicheka. Sikutambua kwamba umechoka.

Kisha ukaja ujumbe wa duka la dawa, mara tatu ndani ya wiki moja. Safari hiyo sikukuuliza. Niliwaza msichana, nikawaza mimba, na Jumapili baada ya ibada nikawaeleza baba zako wadogo. Wakakupigia kukusema, mmoja baada ya mwingine. Kumbe ulikuwa umelala na malaria, umenificha ili nisihangaike. Hilo niliambiwa na rafiki yako. Niliona aibu, nikanyamaza, nikijiambia kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto. Ulikuwa upumbavu tu.

Ujumbe wa mwisho ulisema namba ya simu imebadilishwa, na kama si wewe, wasiliana na benki. Nilikaa kwenye migomba nikausoma mpaka simu ikaisha chaji. Imepita misimu miwili ya kahawa. Nasikia u mzima, umemaliza chuo, una kazi. Namshukuru Mungu, lakini kupata habari za mwanangu kwa wapita njia kunaniuma sana.

Nisamehe, baba. Nilikukosea.

Zile elfu mbili mbili zinazoingia kwenye akaunti yako ni mimi. Usidhani nataka kukununua, wala usizirudishe. Ni kwamba wakala wetu wa benki hapa senta, kabla hajabonyeza, lazima asome jina linalotokea kwenye mashine. Husoma majina yako yote matatu kwa sauti, kisha huniuliza, "Ndiye, mama?"

Mimi humwambia sijasikia vizuri, asome tena.

Kaa na amani huko uliko,
Mama yako, Rugu