Maji ya Matofali ya Zahanati

Kituo cha Polisi, Kinango. Tarehe 31 Machi 1971, saa nne asubuhi.

Jina: Mbodze Chome. Umri: kama miaka 34. Kabila: Mduruma. Kazi: mkulima. Makazi: Kinango. Ni mke wa fundi Rai Dzombo, aliye mahabusu kituoni hapa.

Nimekuja kwa hiari yangu. Mume wangu amewekwa ndani kwa sababu ukuta wa zahanati mpya ulimwangukia jirani yetu Kahaso akafa. Watu wanasema Rai amejenga kwa taka za kiwanda cha sukari bila ruhusa. Si kweli. Ruhusa aliihangaikia mwaka mzima, leo Kwale kesho Kwale kwenye ofisi za kaunsili ya wilaya, mpaka matofali yake matatu ya majivu ya makapi ya miwa na chokaa yakapelekwa Nairobi kupimwa.

Mnamo tarehe 4 Januari kibali kilifika. Karani alitusomea masharti: kila tofali limwagiwe maji asubuhi na jioni, siku ishirini na moja, la sivyo halitashikana. Tarehe 13 tulimaliza kuyafyatua. Trekta ya kaunsili ikatuletea maji kwa mapipa. Rai akaenda pwani kufuata majivu mengine, akaniachia kazi ya kumwagia.

Siku ya tisa, saa moja asubuhi, Kahaso alikuja na ndoo. Kisima kilikuwa kimekauka na mwanawe alikuwa anaharisha. Akaniambia, "Mbodze mwenzangu, nipe hata kidogo." Kwetu aombaye maji hanyimwi, nami sikumnyima. Kesho yake walikuja saba. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Yaliyobaki nililoweshea magunia ya kufunikia matofali, basi. Nilijiambia matofali hayana kiu. Ujinga wangu huo.

Tarehe 3 Februari Rai alirudi. Aligusa magunia, akauliza, "Umemwagia siku zote?" Nikamjibu, "Zote." Sikuwahi kumdanganya kabla ya siku hiyo. Hapo hapo akatia sahihi karatasi ya kaunsili kwamba masharti yametimizwa.

Juzi mvua ya kwanza tangu ukuta usimame ilinyesha. Saa kumi jioni Kahaso alitoka shambani akajikinga kwenye kibaraza cha zahanati. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nilimwona. Ukuta ulilainika chini, ukamlalia. Tulipokuwa tukifukua, tofali lilimeguka mkononi mwangu kama kiporo cha ugali.

Majivu hayana kosa, wala Rai hana. Mwachieni, mnifunge mimi. Siwezi tena kusikia wakimwita muuaji. Niliyoyatenda na kuyaona ni hayo, sina la kuongeza.

Dole gumba: Mbodze Chome

Mimi Koplo Maweu nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akayakubali. Ameuliza mumewe atatoka saa ngapi. Nimemweleza kwamba mpaka leo asubuhi hatukuwa na ushahidi kwamba masharti yalivunjwa. Sasa tunao, na sahihi iliyo kwenye karatasi ni ya Rai. Shahidi ameomba maelezo yafutwe. Nimemjibu kwamba yameshatiwa dole.