Mzee Kakagua Treni ya Watu

Shoga uko wapi? Nipigie. Hapana, usipige, yuko karibu atasikia.

Si unajua nilimleta mzee wangu ughaibuni miezi miwili apumzike, asahau ukaguzi wa tiketi sasa amestaafu? Hongera kwangu. Amepumzika sana.

Tumepanda treni kwenda kuona ziwa. Nikasinzia kidogo tu. Kufumbua macho, kiti chake kitupu, na mume wangu amesimama katikati ya behewa, mkono mbele, anakagua tiketi. Treni ya watu! Nchi ya watu!

Na wanampa, shoga. WANAMPA. Lugha yao hajui hata salamu, lakini ule mkono na ile sura ya kununa, nani atabisha? Baba mmoja hana tiketi, mzee kamsimamisha kabisa, anamtikisia kichwa kwa masikitiko.

Mara akaingia mkaguzi mwenyewe, na sare yake. Wakatazamana. Akamnyooshea mzee mkono: tiketi.

Mzee akapapasa mfuko huu. Akapapasa ule. Akanigeukia mimi! Kumbe tiketi zetu kaziacha hotelini, kwenye koti jingine, "zisipotee".

Tumeteremshwa kituo ambacho hata jina siwezi kulisoma. Sisi wawili na yule baba asiye na tiketi, benchi moja.

Nikamuuliza mzee, "Umeridhika sasa?"

Shoga, macho yanamng'aa kama bwana harusi. Ananiambia, "Yule bwana anaijua kazi. Hata ningekuwa mimi, ningetushusha."