Kibwebwe Nilichowafunga Watoto wa Mpendae

Mpendae, Unguja
Jumamosi jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na unisalimie Baba kabla hujaendelea kusoma. Mgongo unasemaje? Korosho zimeanza kuanguka, au bado mnaangalia juu tu? Mimi mzima, Mama, mzima mpaka nashindwa kukaa kitini! Najua mara ya mwisho ulinisikia kwenye simu nikilia kwamba darasa langu la ngoma limekufa na narudi Masasi. Sasa soma taratibu nikueleze.

Kosa nililifanya mwenyewe, siku ya kwanza kabisa. Uani kwa mwenye nyumba wangu walijaa watoto wa miaka minne, mitano, wengine bado wananyonya vidole. Nikafanya kama ulivyotufanyia sisi: kila mmoja nikamfunga kibwebwe cha kanga, nikashika ngoma, nikasema haya, katikeni! Mama, walikatika! Kauthar, mjukuu wa Bi Zuhura wa nyumba ya pili, alizungusha kiuno mpaka akaanguka, akainuka, akaendelea. Mimi nacheka, kumbe mama zao mlangoni wanatazamana. Mmoja alimvuta mwanawe bila hata kumvisha viatu. Wiki iliyofuata uani nilikuwa mimi, ngoma yangu na kuku.

Nilinuna siku nyingi. Nikawaita washamba, Mungu anisamehe. Mwisho nikajikaza nikaenda kwa Bi Zuhura, maana ndiye anayesikilizwa mtaani. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujui kweli?"

"Sijui, Bi Zuhura."

"Mwanangu, hapa kiuno hufundishwa mwari, ndani, na kungwi wake, mlango umefungwa. Wewe umekimwaga uani, kwa watoto wa chekechea, na wanaume wanapita njiani!"

"Kwetu hata watoto wanacheza hivyo, mbele ya babu zao."

"Ndo kwenu huko. Hapa hakuna aliyekukataza ngoma. Tunachokataa kiuno."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaomba radhi, nikamwambia nitaanza upya kwa miguu na mikono, na kanga zitabaki kabatini. Akanimiminia chai, akasema, "Haya, tutaona."

Leo nimekaa uani tangu asubuhi, nikijiambia asipokuja mtu nafunga begi. Saa nne ikapita. Mara nasikia, "Hodi!" Bi Zuhura huyo, kamshika Kauthar mkono, na nyuma yake msururu wa watoto! Kumbe asubuhi yote alikuwa akipita nyumba hadi nyumba: "Mleteni, mwalimu keshaelewa. Nnakaa nao mwenyewe." Na kakaa kweli, juu ya kigoda, macho kodo.

Tumecheza mchezo mmoja tu: ngoma ikilia wakanyage, ikisita wasimame walivyo. Weee! Mudrik, mtoto wa fundi cherehani, ngoma ikisita yeye ndiyo kwanza anaanza. Wenzake wakimcheka anawajibu, "Mie yangu haijesha!" Baadaye tukaongeza mikono, kama wanapepeta mchele. Wakakanyaga pamoja, Mama, viguu vile vyote kwa sauti moja! Nimelia mbele yao bila haya. Bi Zuhura akapiga kigelegele, na wale akina mama wakaingia uani mmoja mmoja. Walipoondoka walikuwa wameshaniomba niwaandae watoto wacheze Idi Pili kwenye viwanja vya sikukuu. Mimi! Wao wenyewe wameniomba!

Nisalimie Bibi mzaa Baba, umwambie dawa yake ya miguu nitaituma. Nisalimie shangazi mpishi wa shule na wanawe. Kaka Dominiki aliahidi kunipokea stendi. Mwambie asihangaike, kwenye basi sitakuwemo. Najua ulishanifulia mashuka, na najua utanuna. Nuna kidogo, Mama, halafu panda basi wewe, kisha boti, uje uwaone.

Ni mimi mwanao, mwalimu wa watu,
Tumaini