Tonge la kwanza ni langu

Jumamosi, Desemba. Nyarugusu, machimboni. Mvua tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni, na mimi nimeshiba hadi tumbo linauma.

Nimeshiba na ninalia. Sijui kama kuna mtu mwingine anayefanya vyote viwili kwa pamoja.

Naandika kwa simu, nimekaa juu ya gunia la mkaa nyuma ya kibanda cha Mama. Nyinyi mnaosoma hapa mtandaoni hamnijui sura, ndiyo maana nawaambia. Watu wa hapa machimboni wananijua sura, kwa hiyo siwaambii kitu.

Asubuhi nilikuwa na mpango. Nimekuwa na mpango kila asubuhi tangu nimalize kidato cha nne na kurudi nyumbani. Kuamka, kutembea hadi barabara kubwa na kurudi, kunywa uji bila sukari, kula kwa saa, ugali kidogo mboga nyingi. Nesi aliyekuja kutupima shuleni kabla hatujafunga ndiye aliyenipangia. Aliniita pembeni, akasema sukari yangu imeanza kupanda, mwili ni mkubwa kwa umri wangu, ila bado nina nafasi. Alisema nisijinyime chakula, nile kwa utaratibu tu. Mwezi wa kwanza nirudi kupimwa. Nikiwa vilevile, nitaanza vidonge.

Utaratibu. Shuleni ulikuwepo, nilisoma bweni Shinyanga, kengele ikilia tunakula, ikilia tena tunaacha. Hapa hakuna kengele. Hapa kuna duara.

Duara ni shimo la dhahabu. Mama anawapikia wachimbaji wa duara moja lililo nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe, na hakuna anayejua watakula saa ngapi, hata wao. Wakikutana na maji huko chini, wanapanda mapema. Mwamba ukiwa mgumu, wanachelewa. Na duara likitema, yaani mawe yakianza kuonyesha dhahabu, wanashuka kwa zamu bila kukatisha, na kila zamu inayopanda inataka ugali wa moto. Simu ikilia, tunasonga.

Wiki hii limetema.

Lakini hilo peke yake ningeliweza. Kinachoniua ni sheria ya kule shimoni. Aliyeleta chakula anakula kwanza, mbele yao, kutoka kila sufuria. Kwetu Usukumani si ajabu, hata mgeni nyumbani hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajaonja. Ila wale jamaa hawataki uonje. Wanataka uonekane umekula. Shimo lenye dhahabu lina maadui, na adui hupitia kwenye chakula, ndivyo wanavyoamini. Kwa hiyo ni tonge la kujaza kiganja, nyama, mchuzi, umeze, koo lionekane limeshuka. Na mpelekaji ni mimi, maana Mama hawezi kuacha moto.

Kila zamu nakula. Sina njaa, nakula. Nimetoka kula, nakula. Halafu usiku najiahidi kwamba kesho nitaanza upya, nikiwa nanuka mchuzi.

Leo nilikuwa nimefika kwenye tangi la maji tu, raba zimeshalowa, nikihesabu kwamba leo angalau nitafika barabarani. Simu ikalia. Mama.

"Limi, rudi. Wanapanda."

Nikarudi. Nikasonga ugali huku moyoni nikiapa kwamba leo nitakula tonge dogo. Dogo tu. Nani atapima?

Walipima.

Walikuwa wamekaa chini ya turubai, wekundu kwa udongo kutoka kichwani hadi miguuni. Nikaamkia shikamoo, wakaitikia, nikafunua sufuria. Nikamega kipande cha kama kidole gumba, nikachovya, nikameza. Nikachukua kipande cha nyama kidogo, nacho hivyo hivyo.

Doto, kijana wa winchi ya kupandishia mawe, ambaye kazi yake ya pili ni kunitania, akapasuka kicheko. "Jamani, leo Bonge anaonja kama kifaranga!"

Wakacheka. Nimezoea. Kuna siku alisema mimi ndiye bango la hoteli ya Mama Limi, eti mpishi akiwa na mwana mwembamba nani atamwamini? Nami huwa nacheka na wao, kwa sababu sijui kufanya kingine.

Lakini Baba Shija hakucheka. Yeye ndiye msimamizi wao, mtu mzima, mpole, huniita mwanangu. Jana vijana wake walitobozana na watu wa duara la jirani huko chini, mashimo mawili yakakutana, wakatupiana mawe gizani. Tangu hapo kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

"Limi," akasema. "Mbona tonge dogo?"

Nikajifanya nafunika sufuria.

"Nani amepita jikoni kwenu leo?"

"Hakuna, baba."

"Na mama yako kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Yuko kwenye moto."

"Mbona unatetemeka?"

Kicheko kikakatika. Mmoja aliyekuwa ameshanawa akajifuta mikono kwenye suruali. Mwingine akaisukuma sufuria kwa mguu, taratibu, kama mtu anayesogeza kitu kinachouma. Doto naye akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote usoni.

Walidhani nimewaletea sumu. Mimi! Kwa sababu ninajaribu kupungua mwili!

Hapo ndipo ningesema. Sentensi yenyewe ni fupi. Kwenye mtihani wa Baiolojia niliandika kwa Kiingereza habari za kongosho na sukari kwenye damu mpaka nikaomba karatasi ya ziada. Lakini pale, mbele ya wanaume wale wote, niliona nikisema "naumwa" watauliza naumwa nini, na habari itazunguka machimbo kabla sijafika nyumbani. Mgonjwa anapika? Nani atakula kwa mama yake tena?

Nikakaa juu ya jiwe. Nikavuta sahani.

Nikamega tonge la kujaza kiganja. Nikameza. Nikamega jingine. Nyama, mchuzi, maharage, tena ugali. Walikuwa wanaangalia koo langu. Machozi yakaanza, nikasingizia pilipili, wala mchuzi haukuwa na pilipili. Nikala hadi Baba Shija alipoinua mkono.

"Basi, mwanangu. Basi."

Doto akapiga makofi. "Hilo ndilo Bonge letu!" Wakavamia sufuria kama watoto. Na Baba Shija, kwa kuniomba radhi, akachagua mnofu mzuri kuliko yote akaniwekea kwenye sahani.

Nikaula na huo. Ningemkataliaje?

Nilirudi na sufuria tupu. Mama alifurahi. Aliimba kidogo. Nilimtazama nikawaza kuhusu Kabula, mdogo wake, ambaye kisukari kilianza na kidonda cha dole gumba la mguu, akaishia kukatwa mguu, halafu kikammaliza. Mama ndiye aliyekuwa anamwogesha. Ndiyo sababu sikumwambia habari za nesi. Nilitaka nipungue kwanza, nirudi kupimwa, ndipo nimweleze kama kitu kilichopita.

Leo kimenitoka. Alikuwa anasugua sufuria, amenipa mgongo, labda mgongo ndio ulionisaidia.

"Mama, shuleni walinipima. Sukari yangu inapanda."

Hakugeuka. Aliendelea kusugua mahali palipokuwa pameshatakata.

"Kama ya Kabula?"

"Bado. Nikila vizuri na kupungua, inaweza kushuka."

"Na mimi ndiye ninayekutuma kule kula."

Ni kweli, na si kosa lake.

"Kesho nitakwenda mimi," akasema. "Nitaonja mimi. Wewe utabaki na moto."

Alisema kama jambo limeisha. Kisha akachota maji kwenye ndoo, akanywa kikombe kizima. Akachota tena. Akachota tena, maji yakimdondokea kifuani, akinywa kama mtu aliyetoka shimoni.

"Mama, una kiu hiyo tangu lini?"

"Moto huu, mwanangu. Tangu masika."

Tangu masika, na sasa ni Desemba. Na mimi nimekaa naye jiko moja tangu nirudi kutoka shule, nimeshughulika na mwili wangu tu, sikuona.

Nimemwambia tutakwenda wote kupimwa, tusingoje huo mwezi wa kwanza. Amesema tutaona duara likitulia. Duara halitulii. Hilo sote tunalijua.

Baba Shija ameshapiga simu. Kesho watapanda mapema, hajui saa ngapi. Mama amejibu yupo tayari. Mimi nimemwambia hapana, nakwenda mimi.

Sitaki kwenda. Natamani ningekuwa mtu anayetaka.

Ila nikibaki, ni koo la Mama watakalolitazama, na ninajua Mama hatamega tonge dogo. Kwa hiyo kesho, kabla sijafunua sufuria, nitawaambia. Ninaumwa, sukari inapanda, nitakula kidogo na ndivyo itakavyokuwa kila siku, na chakula ni salama. Wakikubali, nitashukuru. Wakikataa, nitarudi nyumbani na sufuria zimejaa kichwani, machimbo yote yakiniangalia, na sijui Mama atanipokeaje. Sijui kabisa.

Nimejaribu kuisema sentensi hiyo kwa sauti hapa nyuma ya kibanda. Imetoka ndogo sana.

Kuku mmoja tu ndiye aliyegeuka.

Nimeirudia.