Babu Hakujitolea

Jumapili, 13 Julai
Mwaloni tangu asubuhi. Dagaa wamejaa mchanga, nimechekecha mpaka mgongo umegoma. Nafika nyumbani, namkuta mwalimu mkuu wa shule ya jirani na mwenyekiti wa mtaa wamekaa na Mama. Shule inaandaa Siku ya Mashujaa. Wamesikia baba yake Mama alikwenda vita vya pili vya dunia. Mama atakaa kiti cha mbele, na jina la Babu litaandikwa ukutani. Mama aliwasikiliza kwa adabu. Walipoondoka akaniuliza kama ukuta ni kaburi. Nikamwambia hapana. Akasema, basi bado.

Jumatatu, 14 Julai
Hilo "bado" halijanitoka. Acha niandike ninayoyajua.

Mama alikuwa bado tumboni. Ilikuwa siku ya gulio, kwetu Rorya. Matarishi wa chifu wakaja na kamba. Wanaume waliowahi walijificha kwenye mafunjo, maji kifuani. Babu hakuwahi. Akatiwa Keya, jeshi la Mwingereza. Mtu mmoja aliyerudi kutoka Burma alisema alimwona akipanda meli. Ndiyo habari yote tuliyopata, mpaka leo.

Kisha matarishi wakarudi kuchukua ng'ombe, ati jeshi linataka nyama. Wanawake wakaamriwa walime mihogo, na ole wake ambaye shamba lake lilionekana dogo. Bibi alilima na mimba yake. Mjapani alikuwa amewakosea nini watu wa Rorya? Hata jina lake walikuwa hawalijui.

Jumatano, 16 Julai
Sijauza vizuri. Nimegombana na mteja bure. Hasira si yake.

Kinachonichoma hasa ni Bibi. Kwetu Wajaluo, mume akizikwa mjane hunyolewa, ndipo maisha yanaendelea. Bila maiti hakuna mazishi, na bila mazishi hakuna kunyolewa. Bibi akabaki mke wa mtu asiyekuwepo. Hakurithiwa na shemeji, hakuolewa, hakumpatia Mama ndugu hata mmoja. Nilikuwa darasa la sita alipokufa. Namkumbuka, nywele nyeupe pe, kila jioni anafunika chakula cha mumewe kwa ungo. Kila jioni! Na waliomchukua mumewe hawakumwambia hata pole.

Dawa ilikuwepo. Mtu akipotea moja kwa moja, linazikwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake. Linavishwa sanda, linaliliwa, linakuwa ndiye yeye. Wazee wa boma hawakufanya. Kila mwaka walisema tusubiri, huenda atarudi, tusije tukamzika mtu aliye hai. Walisubiri mpaka wao wenyewe wakaisha.

Jumamosi, 19 Julai
Nimempigia Mjomba Okech, mtoto wa mdogo wake Babu. Boma sasa ni lake. Bila yeye hayo mazishi ya tunda hayawezekani, binti hachimbi kaburi kwenye boma la baba yake. Nikamwamkia vizuri, nikamweleza vizuri. Amekataa. Yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kuzika tunda mbele ya washarika. Mama aombewe, anasema. Aombewe kitu gani? Nimemkatia simu. Sijawahi kumkatia simu mjomba wangu, na sijuti.

Mama alisikia yote. Hakugusa chakula. Moyo wake umechoka, daktari hakuficha. Anachoogopa si kufa. Anaogopa kumkuta mama yake huko akiwa hana la kumwambia.

Jumatatu, 21 Julai
Shule imeleta kanga ya rangi za bendera, ya kuvaa siku hiyo. Mama ameshukuru, akaisukuma chini ya godoro. Kala vijiko viwili vya uji.

Ijumaa, 25 Julai
Tumerudi kutoka shuleni, kwenye Siku ya Mashujaa.

Mjomba Okech alikuja. Naye alialikwa, amevaa suti. Kuzika tunda ni upagani, lakini kiti cha mbele kwa jina la Babu, hapo dini inaruhusu! Nilimwamkia kwa mdomo tu.

Mgeni rasmi akahutubia. Eti mashujaa wetu waliitikia wito kwa hiari. Eti walijitolea. Watoto wakapiga makofi. Mama akasimama na gauni lake la zamani, bila kipaza sauti.

"Baba yangu hakujitolea. Alifungwa kamba kama mbuzi, na waliomfunga ni watu wa kwetu. Mama yangu amekufa na nywele zake."

Mshereheshaji akasema tumpigie makofi bibi yetu, na papo hapo wakafungulia muziki. Wamemzima mama yangu kwa spika! Mtu wa umri ule, waliyemwalika wenyewe! Nimewachukia, naandika hivyo hivyo.

Hilo la nywele pale hapakuwa na wa kulielewa, isipokuwa Mjomba. Alibaki anatazama viatu vyake. Kisha akainuka, akamshika Mama mkono mpaka getini. Hapo akaniambia, "Njooni na sanda."

Jumamosi, 2 Agosti
Rorya. Mjomba amelikata tunda mwenyewe. Baadhi ya washarika walisimama mbali, nje ya ua. Waache wasimame.

Kabla ya kuzika Mama aliomba alipakate. Alisema baba yake hakupata kumpakata yeye. Alikaa nalo mapajani, ndani ya sanda, na hatukumharakisha. Babu amezikwa kando ya Bibi. Mjomba alisali sala fupi, akataja jina la Babu mara mbili. Nililia kwa sauti kubwa. Nimemsamehe Mjomba, karibu yote.

Jumapili, 3 Agosti
Mama amenyolewa leo asubuhi, kwa niaba ya mama yake. Shangazi mmoja wa boma ndiye aliyeshika wembe. Kumbe ile kanga ya shule Mama aliibeba. Aliitandika chini, nywele zikaangukia juu yake, chache, nyeupe. Nimeikunja nazo ndani.

Ziwa limetulia. Mama amekaa nje, kichwa wazi, anakipapasa.

"Sasa mama yangu ni mjane," amesema.

Kisha akaomba uji. Kaumaliza.