Jina Lililoandikwa Juu ya Picha ya Msuka Ukili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Kinondoni. Jumapili, tarehe 13 Juni 1954, saa mbili asubuhi.

Jina: Somoe binti Mwinshehe
Umri: miaka 52, kwa kukisia
Kazi: kusuka ukili na kushona mikeka
Makazi: Mwananyamala

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Mmemfungia mtu asiye na kosa.

Mnamo tarehe 6 Machi mwaka huu, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwangu nasuka ukili. Sadallah, mtoto wa marehemu mdogo wangu, alikuwa kibandani mwake hapo hapo uani, anapochorea picha zake. Ikaja motokaa ya Bibi Kopland, Mzungu mwenye nyumba ya kuonyeshea na kuuza picha za kuchora karibu na njia ya Bagamoyo, pamoja na karani wake Anselmo. Anselmo akasema bibi yake anazunguka vibanda vya wachoraji, anagundua wapya. Nikamwambia, "Huyu mie nimemlea toka hajaota meno, leo ndiyo anagunduliwa?" Hakumfasiria bibi yake maneno yale.

Wakaichagua picha yangu, mie nimekaa jamvini nasuka, wakainunua. Sadallah alikuwa ameiita "Mama Mkubwa". Siku ya kuchorwa nilivaa kanga zangu mpya, na nilifurahi, sitaficha.

Jana Jumamosi, saa tatu asubuhi, Sadallah alinichukua mpaka kwenye nyumba ile ya Bibi Kopland nikajione kabla watu hawajafunguliwa mlango. Alibeba rangi zake, maana pembe moja ya picha ilikuwa imechubuka. Chini ya picha palibandikwa kikaratasi. Mie herufi za Kizungu sizijui. Nikamuuliza Sadallah kimeandikwaje. Akainamia rangi zake. Nikamuuliza mwalimu mmoja, Felicitas, aliyekuwa akipanga viti. Akasoma: "Mjakazi."

Nikamwita Anselmo. Nikamuuliza, "Mwanangu, nani mjakazi hapa?" Akasema bibi alitaka neno zuri la Kiswahili la mwanamke mtumishi, naye akampa hilo, kwa kuwa kwao misheni ni neno la sala, hata Bibi Mariamu, mama wa Yesu, alijiita hivyo. Aliyasema hayo anatabasamu. Huko misheni mie sikujui. Huku kwetu pwani mjakazi ni mtu aliyenunuliwa. Bibi yangu mzaa mama alinunuliwa. Alisuka mikeka miaka tisa hadi akajikomboa, na hati ya kuwa sasa ni muungwana, si mtumwa, aliyopewa na Boma la Wadachi, yaani Wajerumani, ninayo sandukuni mpaka leo. Mtaani wapo wanaokumbuka, na wanangoja tu pa kuanzia kutusimanga. Nikamwambia Anselmo akibandue. Akasema bila ruhusa ya bibi hawezi, na bibi anakunywa chai.

Basi Sadallah alipokwenda kunawa mikono, nikachukua brashi yake. Nikachovya rangi nyeusi, nikaandika juu ya picha, toka begani mpaka ukingoni, kwa herufi nilizofundishwa chuo cha Kurani: Somoe binti Mwinshehe, muungwana. Nikatoka, nikarudi nyumbani kupika.

Jioni ndipo nikaambiwa Sadallah amekamatwa. Bibi Kopland kawaambieni nyie kuwa mchoraji kashikwa na hasira, kaichafua picha kwa mikwaruzo. Jina la mtu mzima, na la baba yake, linaitwa mikwaruzo. Na nyie mkaandika hivyo hivyo. Sadallah akakubali kosa ili mie nisiguswe. Lakini huyo alitoroka chuoni kabla hajaijua hata alifu. Mpeni kalamu aandike mstari ule, mtaona wenyewe.

Najua mtasema picha imekwisha kuwa mali ya bibi. Turubai ni lake, sawa. Uso ni wangu, na hakuna aliyeniuliza niitweje.

Niliyotenda nimeyasema yote, hakuna aliyenituma, na sijutii. Mtoeni mtoto wangu.

Sahihi ya shahidi: (kwa herufi za Kiarabu)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Adelard, nikamsomea shahidi kwa sauti, naye akasema ndivyo. Nilimpa wino atie dole gumba. Alikataa, akaomba kalamu. Sadallah alipewa karatasi mbele yangu, akashindwa kuandika hata herufi moja ya Kiarabu. Ameachiwa saa nne na robo. Shahidi amezuiliwa.