Unga ya Kwanza Iko ya Mwenzetu

Kamina, karibu na gare ya treni,
tarehe 21 mwezi wa tano 1999

Kwa mujukulu yangu Bilali Djafari,
Bruxelles, inchi ya Ubeleji

Mpendwa Bilali, bwana yangu mudogo,

Asalam aleikum. Minyi nkambo yako Zaituni njo ninaandika, na mukono yangu mwenyewe, basi usicheke herufi. Benye kuandika muzuri balikuwa na kiti ku masomo; minyi nilikuwa na kinu mbele yangu. Uko muzima? Kile kifua chako, baridi ya kule inakikohoza tena? Na unakula? Ile picha ulituma, shingo yako iko sawa ya kuku yenye kukimbizwa. Kama unakulaka paka mikate na siagi tu, ujue ninaona mpaka huku.

Sisi tuko bazima, tunashukuru Mungu. Goti ya kuume inaniuma asubui, lakini mudomo hauniumi, njo maana barua hii itakuwa murefu. Baba yako Djafari ananenepa. Shangazi yako Yasmina alizaa, nitakuambia vile ilikuwa. Vita ingali iko. Bantu ba Kabalo banafika huku na mizigo ku kichwa, na mama mumoja na batoto yake banalala kwangu. Tunagawana chenye kiko.

Sasa sikiliza. Ile barua yako ya mwaka jana ningali nayo chini ya mukeka. Uliandikia baba yako: «Nkambo ameharibu kazi yote. Mungemufungia ku jikoni.» Minyi! Kufungiwa ku jikoni, na weye mwenye nilikuosha matako! Sikukujibu, juu nilikuwa ninangoja mashini ijibu. Leo imejibu. Inazunguka, Bilali! Inazunguka na inaimba!

Ulifanya kazi, sikatai. Weye njo ulitafuta ile banki ya maendeleo ya kule Bruxelles, yenye kusaidia bantu ba biashara yao wenyewe mu inchi maskini kama yetu, bila kupitia serikali, juu bafanye umeme na maji ya mito ao na jua. Weye njo uliambia ile banki juu ya maporomoko yetu ya Kisanza, fasi baba yako na mukwe yangu Musau, bwana ya Yasmina, wa shemendefa, kazi ya reli, balitaka kuweka mashini: umeme ya kusaga mahindi, ya kugandisha barafu ya samaki ya Bukama, na ya maternite, fasi bamama banazaliaka. Vyote muzuri. Lakini uliandika makaratasi sawa muntu mwenye kuposa binti bila kuuliza ku nyumba yao banakatalaka nini. Ulisahau nyumba hii haikulaka riba? Bazee yako balitoka Kasongo na chumvi ku kichwa na Kurani mu kifua, balifanya biashara mpaka hapa, na riba hawakugusa. Ni baridi ya Ulaya ndiyo imekusahaulisha?

Siku Émile wa banki alifika kwetu, Musau alikuwa amekwisha kufungua kalamu. Baba yako alikuwa anatoka jasho, anatazama mabati. Aliogopa Mungu, aliogopa muzungu, hakuogopa mama yake. Njo kosa yake. Nikaweka sahani ya karanga katikati yao, nikakaa.

«Mukubwa wa banki, kama mvua inakatala na mutoni maji inaisha, banki italia na sisi?»

«Mama, mvua inyeshe, isinyeshe, banki inaomba nyongeza yake.»

«Basi huyo hapana mwenzetu. Huyo ni kupe. Ng'ombe anakonda, kupe ananenepa.»

Musau, mwenye desturi ya kwao inamukataza hata kunitazama usoni juu niko mama buko wake, siku ile alinitazama wazi, macho kama ya samaki. «Mama buko, tafazali!» Nikamuambia angalia karanga, mukwe yangu, bado sijamaliza.

Nikaeleza Émile namna marehemu babu yako alifanyaka kazi na bavuvi ba Mulongo. Yeye alitoa nyavu na chumvi, bao balitoa mikono na mitumbwi. Samaki ikiwa mingi, nyumba mbili zinacheka. Kiboko ikipasua nyavu, nyumba mbili zinalia. Hakuna mwenye kusema nyongeza. Na kitunga ya kwanza hawakuigawanyaka. Mwenye nyavu na mwenye mutumbwi balikaa chini, bakaikula pamoja, juu muntu mwenye hujakula naye, hasara utamuambia na mudomo gani?

Émile akatafuna karanga, akafikiri. Akasema: «Mama, nyumba yetu iko na milango mbili. Bantu karibu bote banapitaka kwa ule wa deni. Weye unanionyesha ule mwingine, banki inunue sehemu mu kompani yenu, ipate kama munapata, ipoteze kama munapoteza. Lakini bakubwa yangu, sijui kama batakubali.» Akaenda zake.

Halafu banki haikuandika neno. Miezi. Hapo njo barua yako ya jikoni ilifika. Musau akawa ananisalimia huku anatazama mbuzi. Yasmina alikuwa anatafuta mimba tena, akaja kukaa mulangoni kwangu. Unakumbuka mwaka wa vita ya kwanza, vile taa ya petroli ilizimika akiwa anazaa, na vile tulizika mutoto asubui. Akaniuliza: «Mama, nitazaa mu giza tena?» Nikamujibu Mungu ni mukubwa, nikaingia ndani, nikatwanga kinu yenye hakuna kitu ndani.

Na bakubwa ya banki bakakubali! Banki ikaingia mwenzetu, na sehemu yake ndogo kupita yetu. Siku tutakuwa na nguvu tutainunua. Barua yako ya kupongeza ilifika mbio, lakini uliandika «pongezi baba» tu. Niliiona.

Mashini, ile turubini, ikapanda treni toka Lubumbashi, chuma cha kujizungusha sawa konokono mukubwa. Ilishuka ku gare paka wakati ule ule vita ya pili inaanza. Bazungu bakaondoka. Abner, enjeniere mwenye banki ilitutafutia, akafungiwa njia na vita kule Likasi. Basi Musau akaita bandugu yake ba shemendefa, benye hawakulipwa tangu zamani, bakakubali kufanya kazi ya kulipwa na unga. Bakachimba, bakabeba, bakalaza lile bomba kubwa ya kushusha maji mpaka ku mashini. Kazi safi, sikia, bomba inazunguka kilima polepole, muzuri, hakuna fasi inainama gafula.

Bakafungua maji. Maji ikatembea kama mugonjwa, ikafika chini, ikagusa mashini, mashini ikakatala kuamuka.

Nyuma ya Idi ya kuchinja, Abner akafika juu ya behewa ya mahindi. Akatazama ile bomba, akacheka mpaka akakaa chini. «Musau, bandugu, mulipimia treni! Treni njo inaogopa mulima. Maji inataka kuanguka!» Kweli, balilaza bomba sawa reli, juu gari-moshi isichoke. Hata leo, Musau akipita sokoni, bamama banamupigia kelele: «Maji ya saa ngapi inaondoka, mukubwa wa gare?» Anacheka naye. Balifumua yote, bakalaza tena wima, ku mwamba.

Sasa weye mwenye masomo, fikiri. Miezi yote ile imepotea. Kama ilikuwa deni, riba ingekuwa inazaa juu yetu, na vita, na kosa ya reli, yote paka sisi tu. Muchuuzi mumoja hapa alikopa mashini ya mazuti, ile dizeli, na riba. Basoda ba vita bakachukua mazuti, mwenye kukopesha akachukua mashini. Sisi, Émile alituma neno ku foni ya bapadri: «Hasara ni yetu pia. Tunangoja pamoja na ninyi.» Nilimuambia baba yako arudilie ile neno, nisikie muzuri.

Siku maji iliangukia konokono, ilikuwa muchana, na mashini ikanguruma, bantu bakakimbia, kisha bakarudi na bidumu kupiga ngoma. Waya ya kwanza tulipeleka ku maternite. Wiki ile ile Yasmina akazaa pale, chini ya taa nyeupe, mutoto wa kike mwenye sauti ya kuuza samaki. Jina yake Lucienne, la mama ya Musau, lakini mutaa yote banamuita Turubini. Nililia, ndiyo. Usimwambie muntu.

Hata komanda wa basoda alikuja kunifokea, eti tunaficha mazuti wapi juu taa zetu ziwake. Nikamushika mukono mpaka mutoni. Nikamuambia: «Mazuti yetu njo hii. Chota, baba, chukua yote.» Basoda yake mwenyewe bakamucheka.

Bon. Barua hii inakuja na Sista Béatrice wa maternite, mwenye anarudi kwao kupumuzika. Anakuletea mifuko mbili ya unga, ya kusaga kwa kwanza. Moja ni yako, unenepe. Ya pili hapana yako, usiiguse. Vaa shati safi, uende ku ile banki, usipe ule wa mulangoni, ingia mpaka kwa Émile. Umuite kwako, umusongee bukari, ile ugali yetu, ngumu, na samaki, asikate na kisu. Anawe, akule na mukono, na weye ukule naye. Usipate haya mbele ya bazungu. Banki ilikula hasara na sisi kwanza. Desturi ilipinduka, hasara mbele na chakula nyuma, lakini si kitu. Isikose kukula bukari.

Baba yako, Yasmina, Musau, shangazi Fadhila na Turubini banakusalimia. Mungu akufunike na mukono yake, akurudishe kwetu na tumbo.

Minyi yule yule, mwenye kukupenda na kukugombeza na mudomo mumoja,

Nkambo Zaituni